Panga la inchi 20 mnalibebaje njiani bila kujikata wala kuonekana jambazi?

#1 Chogo
Habari za Jumapili wakuu. Nakaa Moro mjini, shamba liko juu ya Kinole, ndizi na mikarafuu michache. Gari likishanishusha ni mwendo wa saa moja na nusu, wote mlima, na mvua ikinyesha njia inakuwa sabuni. Mkononi nina kidumu cha maji, begani kiroba cha miche au mbolea, halafu ndiyo hili panga.

Nimelichomeka kwenye mkanda, likanipiga goti kila hatua na suruali mbili zimechanika. Nikalitia kwenye begi mpini ukiwa nje, likatoboa begi na kutokeza chini kama mkia wa kenge. Nikalishika mkononi, nikiteleza sijui nishike mti au nishike panga. Wiki iliyopita konda kanikatalia kupanda mpaka mama mmoja aliponiazima kanga nikalivingirisha. Nimesafiri nimepakata kama mtoto mchanga.

Bapa inchi 20, mpini wa mbao, halina ala. Nyie mnaotembea nalo kila siku mnafanyaje? Na tafadhali mtu asiniambie ninunue dogo.

#2 Tupa Butu
Nunua dogo.

#3 Sikio la Kufa
Nimesoma kichwa cha habari haraka nikajua ni pangaboi. Nikawaza, huyu feni ya dari anaipandisha mlimani impepee nani. Ngoja waje wenye mashamba.

#4 Mkuza
Mleta mada, mimi kazi yangu ni kufyeka mikuza, zile njia nyoofu za wapimaji ardhi, mwaka wa 11 sasa. Panga ninalo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka jua linazama, kwa hiyo nisikilize.

Kosa ni huo mkanda. Panga likichomekwa linakuwa kitu kimoja na kiuno. Ukinyanyua goti kupanda, paja linasukuma bapa, bapa linasukuma mpini, mpini unakutoboa mbavu. Panga linatakiwa lining'inie. Ala iwe na kitanzi cha ngozi cha shubiri moja hivi, kitanzi kiingie kwenye mkanda, mdomo wa ala ukae chini ya mfupa wa nyonga. Hapo mguu ukienda nalo linakwenda, ukikaa linalala ubavuni lenyewe. Ukiona linarukaruka sana unapokimbia, funga uzi ncha ya ala kwenye paja, basi.

Siku ya kwanza utaona linachezacheza. Siku ya tatu umelisahau.

#5 Fundi Koki
Ala si lazima ngozi. Chukua bomba la plastiki la inchi 2, yale ya kijivu ya maji machafu. Kata urefu wa bapa, ongeza vidole viwili. Lipashe moto polepole juu ya makaa, mbali kidogo, huku unaligeuza kama mahindi ya kuchoma. Likilegea, vingirisha panga kwa gazeti kunja mbili tatu, lichomeke ndani, weka kati ya mbao mbili, mkalie. Mwagia maji ya baridi. Likishakauka chomoa gazeti, una ala ya panga lako na si la mwingine.

Bomba la inchi 2 likibanwa bapa linatoa upana wa karibu sentimita 8, mapanga mengi yanaingia. Mambo mawili: usiliunguze mpaka litoe moshi, moshi wa plastiki ile ni sumu ya kifua, fanyia nje. Na toboa tundu dogo chini, maji yatoke.

#6 Layoni wa Longido
Mkuza #4, hesabu yako ni ya panga fupi. Inchi 20 ni sentimita 60. Ukiishusha chini ya nyonga ncha inafika kifundo cha mguu. Jamaa anapanda mlima, kila jiwe atalipiga salamu.

#7 Sikio la Kufa
Inchi 20 ni sentimita 50 na kidogo (50.8), kaka. Shule ulikuwa unachunga?

#8 Layoni wa Longido
Nilikuwa nachunga, na ng'ombe sikupoteza. Haya 50. Bado inafika katikati ya muundi. Hoja iko palepale.

#9 Mkuza
Kweli, langu ni inchi 16. Kwa 20 tumia vitanzi viwili, cha mbele kirefu kidogo kuliko cha nyuma... hapana, nimekosea, cha mbele kifupi. Subiri nishike ala yangu nione.

#10 Mkuza
Nimeshika. Unataka mpini utangulie mbele na ncha ilale nyuma. Kwa hiyo kitanzi kimoja kwenye mdomo wa ala, kifupi. Kingine weka shubiri moja na nusu kushuka kwenye ala, hicho kamba yake iende juu kwenye mkanda ule wa nyuma, karibu na kalio. Ala inalala mshazari. Ncha haigusi muundi tena. Ila ukipita katikati ya watu geuka kwa adabu, ncha iko nyuma yako na wewe huioni.

#11 Mama Tenga
Nyote mmejibu kama kila mtu anavaa suruali na mkanda. Sisi tunaopanda na kanga kiunoni tunabeba wapi hilo bomba?

Nimelelewa Matombo, njia hizo nazijua. Mama zetu panga halikai mwilini, linakaa kwenye mzigo. Kama una jembe, lilaze panga sambamba na mpini wa jembe, makali yakiutazama mpini, funga kwa vipande vya tyubu sehemu mbili, jembe begani. Kama huna jembe, ndani ya tenga, mpini juu. Kichwani. Mikono yote miwili huru, ukiteleza unashika mti.

Na ala unayo shambani kwako mwenyewe ila umelala. Ganda kavu la mgomba, lile linalojibandua shinani. Unalikunja mara mbili kwa urefu, panga katikati, unafunga kwa kamba ya mgomba huohuo. Likichanika unatupa, kesho lingine. Hakuna fundi, hakuna hela.

#12 Chogo
Mama Tenga #11 shikamoo. Hilo la ganda la mgomba nimeona aibu, mgomba ninao mia na kitu. Swali: utomvu hauli chuma?

#13 Mama Tenga
Marahaba mwanangu. Nimesema kavu. Bichi litakupakia utomvu mweusi mpaka kwenye mikono na shati ndiyo basi tena, haufuliki.

#14 Kaka Muhoro
Huku Kagera mbona shida hiyo hatuna, kwenye migomba tunatumia muhoro. Umepinda, mfupi, unaubeba popote. Majani makavu ya mgomba unayavuta, yanashuka. Hilo panga refu kwenye migomba wewe unapigana na nani?

#15 Chogo
Kaka Muhoro, njia yenyewe inafyekwa. Mvua mbili tu magugu yanakufika kifuani. Muhoro nitafyeka mpaka Krismasi.

#16 Tupa Butu
Fyekeo la kufyekea, panga dogo la kukatia. Ona ulivyo na zana moja unataka ifanye kazi za ukoo mzima.

#17 Mgongo Wazi
Mgongoni wakuu. Mkanda unapita begani mshazari, mpini unatokeza juu ya bega la kulia, unapeleka mkono nyuma unachomoa. Mikono huru, miguu huru. Nimemaliza.

#18 Mkuza
Umemaliza kuangalia sinema. Jaribu kweli. Mkono wa mtu ukishika mpini pale juu ya bega unaweza kuvuta kama sentimita 40 tu kabla haujaisha. Bapa ni 50. Panga linabaki limekwama nusu ndani nusu nje, umesimama kama sanamu. Na kulirudisha je? Unatafuta mdomo wa ala kwa ncha ya panga, nyuma ya shingo yako, huoni. Nimemwona kibarua mmoja akijaribu, alijikwaruza sikio tu kwa bahati.

#19 Mgongo Wazi
Ala ikiwa imepasuliwa ubavu inatoka.

#20 Fundi Koki
Ikiwa imepasuliwa ubavu hiyo si ala, ni kibanio.

#21 Babu wa Kidodi
Wajukuu zangu. Nimekata miwa Kilombero ujana wangu wote. Naona mnashindana mikanda. Panga hubebwa mkononi, na mtu anayejua kulibeba mkononi hajikati.

Mlimani, panga linakaa mkono wa upande wa bonde. Makali chini, ncha mbele na chini kidogo, mkono umenyooka, usilizungushe kama fimbo ya mzungu. Mwenzako aliye mbele mwache hatua tano. Ukihisi mguu unaondoka, usifikiri: litupe bondeni, wewe angukia upande wa mlima. Watu wanaokatwa ni wale wanaolihurumia panga. Panga linaokotwa.

Na ukimpa mtu, usimrushie, usimwelekezee. Lichomeke chini, yeye achomoe.

#22 Sikio la Kufa
Shikamoo babu. Na huyo anayepanda nyuma yako huko bondeni, ukishalitupa, yeye anaokota au anapokea?

#23 Babu wa Kidodi
Marahaba. Ndiyo maana nimesema hatua tano.

#24 Mama Tenga
Babu kasema sawa kwa mtu aliyebeba panga peke yake. Mleta uzi ana kidumu na kiroba. Atatupa kipi?

#25 Ami wa Muttrah
Asalaam aleikum. Nachungulia tu kutoka Muscat, asili yetu Unguja. Mmenikumbusha jambia. Waarabu walitatua suala hili zamani kwa kuliweka ubavuni kushoto, mkono wa kulia unavuka na kuchomoa.

#26 Jirani wa Sur
Waaleikum salaam ami, samahani nikusahihishe. Khanjari, jambia la Oman, inakaa katikati, juu ya kitovu, mkanda unazunguka. Hata alama iliyo kwenye bendera ni hiyohiyo. Na angalia ala yake: chuma kimepinda kidogo tu, lakini ala imekunjwa kama pembe ya mraba na ni ndefu kuliko chuma chenyewe. Ukikaa chini, ukisimama, ukirukuu, haikugusi paja. Ndiyo hoja ya uzi huu hasa: ala haifuati kisu, inafuata mwili.

#27 Ami wa Muttrah
Haya, nimekubali. Nilikuwa nawaza picha za babu yangu, kumbe yeye alikuwa ameipanga pembeni kwa sababu ya tumbo. 😄

#28 Mgongo Wazi
Ila khanjari sasa ni pambo. UNESCO wameiingiza kwenye urithi wao 2022. Mtu hafyeki nayo.

#29 Jirani wa Sur
Kweli. Na kwa bei zake usithubutu.

#30 Kijana wa Tigania
Niaje watu wa Bongo. Huku Meru panga ni kama simu, mzee hatoki bila. Kubeba si shida, shida ni matatu. Makanga akiona panga wazi anasema weka chini ya kiti cha dereva, na ukishuka unasahau. Mimi nimepoteza mbili hivyo. Siku hizi navingirisha na gunia, gunia linafungwa kamba, mpini hauonekani. Wakiuliza ni nini nasema ni gunia.

Na wakati wa siasa kuwa mwangalifu zaidi. Ukiwa na jembe pembeni askari anaelewa wewe ni wa shamba. Ukiwa na panga tupu saa mbili usiku unajieleza wewe na ukoo wako.

Wakikuyu walikuwa na rũhiũ rwa njora, yaani upanga wa kwenye ala, njora ndiyo hiyo ala. Ilikuwa inavaliwa na mkanda kiunoni, na hakuna aliyelia goti.

#31 Layoni wa Longido
Asante Tigania, umenifungulia mlango. Mleta mada, angalia sime, kwetu Wamasai olalem. Ala ni mbao mbili nyembamba zimefunikwa ngozi na kupakwa nyekundu. Mbao ndiyo siri. Ngozi tupu inakunjika, ukianguka ncha inatoboa inakuingia. Mbao haikunjiki. Inavaliwa kulia, imelala mshazari, mkono ukishuka tu unakuta mpini. Natembea Longido mpaka mpakani, sijui kama ninayo.

#32 Fundi Koki
Kwa nini kulia? Mtu wa mkono wa kulia si angeweka kushoto avute kwa kuvuka, kama askari wa zamani wa Ulaya?

#33 Mgongo Wazi
Kwa sababu kushoto kulikuwa na ngao. Mkono wa kushoto umeshika ngao, ukivuka mbele ya ngao utajizuia mwenyewe.

#34 Kijana wa Tigania
Mimi niliambiwa ni kwa sababu ya shuka. Shuka linafungwa bega moja, upande mmoja uko wazi, sime inakaa ulio wazi.

#35 Mkuza
Ni fupi, basi. Chuma kifupi unaweza kukichomoa upande uleule wa mkono. Kirefu huwezi, kiwiko kinaishia kwapani, lazima kivuke. Jaribu na rula.

#36 Layoni wa Longido
Mimi navaa kulia kwa sababu baba alivaa kulia. Hizo ngao mmezileta ninyi.

#37 Mkuza
Lakini uzi unahusu panga. Sime nyingi, mpini na yote, ni kama sentimita 50 hadi 60. La jamaa ni bapa peke yake 50. Unalinganisha mbuzi na ng'ombe.

#38 Layoni wa Longido
Basi arudi kwa #2.

#39 Tupa Butu
Asante.

#40 Mkwezi Mstaafu
Yakhe mmesahau wagema na wakwezi. Mtu yuko juu ya mnazi, pingu ya kamba miguuni, mikono yote inakumbatia gogo. Kotama, kisu chake cha kugemea, iko wapi? Nyuma, juu ya makalio, imelala kama mkia, mpini unatazama mkono wake. Mbele haiwezi, kuna mnazi. Ubavuni inakwaruza. Nyuma ni mahali pekee pa mwili ambapo hapagusi kitu mpaka ukae chini. Mleta mada anapanda mlima hakai. Alilaze nyuma ya kiuno, wima hapana, mlalo.

#41 Mama Tenga
Mlalo inchi 20 kwenye njia ya Kinole? Magugu pande zote mbili yanakubana, kila kichaka kitamshika kama mlango mwembamba. Mkwezi, huko juu ya mnazi hamna magugu.

#42 Mkwezi Mstaafu
Nimesalimu amri. Lakini mtu akisema kuhusu minazi nitarudi.

#43 Wa Leicester
Nawasoma kutoka Uingereza kwa wivu. Huku ukikutwa hadharani na kisu cha bapa linalozidi inchi 3, au hata kifupi ambacho bapa likifunguliwa linajifunga lisikunjike, bila sababu ya maana, ni kosa. Kazi ni sababu, lakini uieleze. Tangu tarehe 24 Septemba 2024 kuna aina za mapanga, yale yenye meno na matundu ya urembo, hata kuwa nalo ndani ya nyumba tu ni kosa, England na Wales. Mimi nina kiploti cha mboga nimekodi cha halmashauri. Zana zangu za kukatia zinakaa kwenye kisanduku chenye kufuli, kisanduku nyuma ya gari, gari mpaka getini. Kubeba begani kama Mama Tenga, sifiki kona.

#44 Sikio la Kufa
Pole. Na mchicha unaota?

#45 Wa Leicester
Unaota miezi mitatu, halafu baridi inauchukua. Msinitie simanzi.

#46 Ngosha Tairi
Naona mmekomalia bomba na ngozi. Mimi fundi viatu vya tairi, natengeneza ala kwa mpira. Tyubu ya lori kwa nje, katikati ya makali naweka utepe mnene wa tairi. Huo utepe ndio wanausahau wote. Ukishona pande mbili tu bila kitu katikati, makali yanakaa juu ya uzi wa mshono. Mwezi mmoja uzi umekatika, siku hiyo unavuta panga ala inafunguka kama ganda la ndizi na mkono umeishikilia kwa nje. Nimemshona mteja ala ya pili akiwa na bandeji vidole vitatu. Ala ya kwanza hakuitengeneza kwangu, niseme hilo.

Kwa hiyo: utepe katikati, misumari ya ribiti si uzi, na ukichomoa shika ala upande wa mgongo wa panga, vidole visizunguke.

#47 Fundi Koki
Mpira unatunza unyevu. Panga litapiga kutu usiku mmoja.

#48 Ngosha Tairi
Na bomba lako linapiga kelele kwacha kwacha kwacha kijiji kizima kinajua nani anakwenda shamba.

#49 Fundi Koki
Ndiyo faida, nyoka wanapisha njia.

#50 Babu wa Kidodi
Kutu si ala. Kutu ni mtu. Ukitoka shamba futa utomvu, paka mafuta, hata ya nazi au alizeti. Hata ngozi itakutia kutu kama imetiwa chumvi na haikuoshwa vizuri. Tulikuwa na mapanga ya chapa ya mamba, yale ya Kijerumani, yalidumu miaka.

#51 Wa Leicester
Babu, ya mamba ni ya Kiingereza. Martindale, Birmingham, kampuni ya 1874. Niko jirani nao hapa.

#52 Babu wa Kidodi
Basi Waingereza. Kwenye miwa hatukuuliza uraia wake. Baadaye tulipata ya UFI, kile kiwanda cha zana za kilimo cha Ubungo. Hayo nayo yalikuwa yanakubali tupa.

#53 Dawa ya Mguu
Samahani naingilia, mimi ni muuguzi. Kwenye kituo tulichokuwa, wengi wa majeraha ya panga yasiyo ya ugomvi ni ya namna tatu: shavu la mguu, vidole vya mkono wa kushoto, na pale juu ya goti. Shavu la mguu ni panga lililochomekwa bila ala mtu akaruka mtaro. Msicheke. Likitokea, kandamiza kwa kitambaa safi, kandamiza haswa, usichungulie kila dakika, nyanyua mguu, nenda kituoni. Na muulizie sindano ya pepopunda. Majivu, kahawa na dawa ya meno acheni nyumbani.

#54 Kijana wa Tigania
Kahawa kweli watu huweka?

#55 Dawa ya Mguu
Wewe acha tu. Unga wa sembe nao nimeuona.

#56 Kaka Muhoro
Jamani kwani kuna ulazima wa kulibeba? Mleta mada, shamba lako ni lilelile kila wiki. Panga halina nyumba mjini. Lifiche hukohuko. Chini ya banda, kwenye mikarafuu, popote. Panda mikono mitupu na kiroba chako.

#57 Mama Tenga
Wezi?

#58 Kaka Muhoro
Nani apande saa moja na nusu kuiba panga kuukuu.

#59 Ngosha Tairi
Mchwa je? Mpini ni wa mbao.

#60 Kaka Muhoro
Litundike, lisiguse chini. Mimi zangu ziko hivyo miaka yote.

#61 Chogo
Wakuu asanteni, sikutegemea uzi utafika huku. Nimejaribu hivi: nimetengeneza bomba la Fundi Koki (lilikubali mara ya pili, la kwanza niliunguza, nimekohoa siku mbili). Nikafunga vitanzi viwili vya Mkuza mshazari. Kupanda, safi kabisa, goti halijaguswa. Kushuka ndiyo tabu, mteremko mkali ncha ya nyuma inagonga chini na mpini unanichapa tumbo. Kwa hiyo kupanda Mkuza, kushuka ganda la mgomba ndani ya tenga kama Mama Tenga. Kwenye gari nafanya kama Tigania, konda kauliza mzigo gani nikasema bomba. Na kweli ni bomba.

Ila hiyo ya #56 imenivutia. Jumamosi ijayo naliacha huko.

#62 Mkuza
Kushuka lizungushe lije mbele ya paja, vitanzi vinaruhusu. Sikukwambia?

#63 Chogo
Hukuniambia.

#64 Mkuza
Sasa nimekwambia.

#65 Sikio la Kufa
Kuna anayejua bei ya karafuu ya Moro sasa hivi? Naona huyu ana mikarafuu anaongea panga tu.

#66 Chogo
Michache mkuu, bado midogo. Usinipigie hesabu.

#67 Chogo
Wakuu nimerudi. Nililitundika kwenye banda, juu, nyuma ya gunia, ndani ya bomba lake. Nimepanda leo baada ya wiki mbili. Panga lipo. Bomba lipo. Mpini haupo. Umetafunwa mpaka kwenye ribiti, kuna alama za meno mapana kama patasi. Chini vumbi la mbao tu.

#68 Kaka Muhoro
Panya hao.

#69 Layoni wa Longido
Panya hana meno mapana hivyo. Huyo ni nungunungu. Jasho lako lina chumvi, yeye anatafuta chumvi. Mpini wa shoka anakula, mpini wa jembe anakula.

#70 Mama Tenga
Nungu anapandaje mpaka juu ya banda?

#71 Chogo
Ni juu kiasi cha kiuno, banda lenyewe la kulalia miche. Na bomba lilikuwa limening'inia, mpini ulikuwa chini. Nililigeuza ili maji yasiingie.

#72 Babu wa Kidodi
Umelipakia mafuta?

#73 Chogo
Bapa ndiyo babu, kama ulivyosema. Mpini sikuupaka.

#74 Ngosha Tairi
Mpini wa mpera, au mkwaju ukiupata. Uvalishe kipande cha tyubu. Mpira sijaona nungu akiula.

#75 Kaka Muhoro
Mimi wangu wana miaka. Labda sitoki jasho.

#76 Tupa Butu
Bapa limebaki inchi ngapi?

#77 Chogo
20. Zote.